Mizani na Jino la Kauri

Siku ile mjinga alikuwa Thembo, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo, atafunika mdomo kwa kiganja, acheke puani, kisha akwambie: "Andika tu, mjinga ilikuwa mimi. Lakini redio nayo ilichangia."

Redio yenyewe ni ya Immy muuza chai. Inaning'inia kwenye msumari mbele ya stoo ya kahawa pale Bwera, barabara ya kwenda mpakani, juu ya benchi ambalo limevunja ndoa nyingi kwa maneno tu. Asubuhi hiyo ilimleta daktari wa meno na habari yake: siku hizi kuna meno ya kauri, ukoo mmoja na sahani na vikombe, ila mengine ni magumu hata chombo cha kuyachonga hupakwa unga wa almasi.

Thembo akapiga benchi. "Mumesikia? Almasi! Na mimi iko nayo hapa mdomoni, nakunywa nayo chai kama mutu wa kawaida!"

Akakenua watu wote walione jino lake jipya.

Pale kijiweni Thembo huitwa Mizani. Miaka kumi na minane, kahawa haipandi kwenye mizani ya chuma kabla hajaing'ata yeye. Punje ikisema "kaa!", imekauka, inanunuliwa. Ikinyamaza na kubonyea, inarudi kwenye turubai kuota jua. Magego yalishamhama zamani, kazi yote ikabaki kwa meno ya mbele, mpaka siku kokoto moja ilipojificha kati ya punje na kumvunja la katikati. Mwenye stoo akatangaza palepale: Jumatatu analeta mashine ya kupimia unyevu. Thembo akakimbilia Kasese kuvikwa jino jipya. Sasa ilikuwa Jumamosi. Kama Mizani angeokoa cheo chake, basi ni leo.

Kule Kasese daktari alimpangia vipande vya rangi, achague kinachofanana na meno yake mengine yaliyolowa chai miaka arobaini. Thembo akachagua cheupe kuliko vyote.

"Hiyo jino ni mgeni," alisema Afande Olanya, askari mstaafu aliyeletwa na jeshi kutoka kaskazini akasahau kurudi. "Ingine zote zimevaa kombati. Hiyo moja imevaa ya harusi."

"Wivu hiyo, Afande."

"Wivu ya nini? Toa ripoti! Inafanya kazi gani?"

"Moja, haisikii moto. Immy, mimina!"

Immy akamimina chai inayofuka. Thembo akapiga funda, akaikalisha nyuma ya jino. Machozi yakamtoka.

"Umeona? Jino imetulia tu."

"Na ulimi?"

"Ulimi si ya kauri. Mbili, haishiki rangi. Kunywa chai mpaka kiama, itabaki hivi hivi."

"Ndiyo itatuambia ulizikwa wapi," Afande akasema.

Kabla hawajamaliza kucheka, ikasimama pikipiki yenye magunia matatu. Juu yake Achille, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, kofia upande, tabasamu mbele.

"Bonjour, Mizani! Nakuleteya kahawa ya kukauka sana. Kuku alidonoa moja, mpaka sasa anaumwa kichwa."

"Patron," Immy akamkata, "siku tatu mvua haijakatika huko milimani. Yako ilikaukia wapi?"

"Yangu iko na jua yake, Mama."

"Hakuna haja ya kelele," Thembo akasimama, akakunja mikono ya shati kama anayekwenda kuchinja. "Jino itasema. Na Jumatatu hiyo mashine irudi ilikotoka."

"Pole pole, Mizani," Afande akasema. "Sahani nayo ni ngumu. Iweke mezani, uikalie, itakubeba. Lakini ipinde kidogo uone."

Immy akaweka birika chini. Yeye alikwenda Kasese pamoja na Thembo, kung'olewa gego lake mwenyewe, na alisikia yote. "Shemeji, kumbuka daktari alisema nini."

"Alisema ni gumu."

"Gumu kwa kukandamizwa. Kupindwa, hapana. Alisema usifungue soda, usivunje mifupa, na tena usi..."

"Immy! Chai yangu imepoa."

Akamtazama kwa jicho la kuomba. Immy akainua tena birika. Katika makatazo yale, daktari alikuwa ameitaja hata kahawa kwa jina.

Thembo akachota punje kutoka gunia la kati, akamenya ganda, akaiweka chini ya almasi yake. Akang'ata. Kimya. Akaongeza nguvu. Punje ikang'ang'ania kama kiatu kwenye tope. Jasho likamtoka, akaiona kichwani mashine ya Jumatatu ikishushwa kwenye gari. Akaishika kwa vidole, akaipindua ubavu, kama mtu anayefungua soda.

Kaa!

"Kavu!" Achille akaruka. "Wote mumesikia! Munipimie!"

Afande akapiga saluti. "Ripoti imepokelewa!"

Thembo akafunika mdomo kwa kiganja. Midomo imeshonwa kama gunia. Humo ndani ulimi ulikuwa umekutana na ukingo mkali, kama wa kikombe kilichoanguka.

"Mizani, sema basi," Afande akamhimiza.

"Mm."

"Amesema ndiyo!" Achille akashika gunia la kwanza.

Thembo akaliangalia lile gunia likiinuliwa. Angenyamaza tu, cheo kingelala salama mpaka Jumatatu. Na kahawa ingeota ukungu ndani ya stoo, kwa jina lake, mara ya kwanza tangu aanze. Akafumba macho, akatema kiganjani. Punje ilikuwa nzima, imebonyea kama sabuni ya jana. Kando yake, kipande cheupe.

"Simamisha," akasema, na neno likampitia pengoni kwa mluzi.

"Ah non! Sheria ya hapa naijuwa miaka yote! Ikisema kaa, iko kavu! Ilisema ao haikusema?"

Afande akajikuna kichwa. "Kwa sheria, Patron ana haki. Kaa tulisikia."

Immy akakichukua kile kipande, akakiinua juani, kisha akakiweka juu ya mizani ya chuma.

"Patron, iliyosema ni jino, basi tununue jino. Kahawa yako haijasema kitu. Irudishe juani mpaka ijifunze kuongea."