Miche Mia Mbili na Waya wa Faiba

Jumatatu, 4 Septemba 2023. Matongo

Faiba inakuja! Fundi Joram amepita na vigingi vyekundu, kimoja kakipigilia katikati ya shamba langu. Kasema waya utapita hapo na nyumba yangu itaunganishwa ya kwanza. Ryoba, jirani yangu ng'ambo ya barabara, alikuwa anachungulia. Achungulie tu.

Mama amefurahi kuliko mimi. Dada yangu Scholastica kajifungua huko Migori, na mtoto kapewa jina la Mama. Lakini kwa mtandao wa hapa picha inaganda, Mama anaambulia paji la uso. Safari haiwezi tena. Na daktari wa macho kasema ikifika Krismasi hataona kitu tena.

Jumanne, 5 Septemba

Nimewaza tangu alfajiri. Kigingi! Shambani kwangu! Hapa kwetu mgodi ukianza kupima, watu wanapanda miti na kusimamisha nyumba upesi upesi ili walipwe fidia. Tunaita kutegesha. Upimaji uliopita nilichelewa. Ryoba akaezeka nyumba nzima, akalipwa, mimi nikaambiwa pole. Safari hii sichelewi. Mgodi, faiba, wote ni watu wa vigingi.

Alhamisi, 7 Septemba

Miche mia mbili ya michungwa imesimama. Imebanana, hata kuku hapiti. Mama kauliza michungwa yote hiyo ya nini kwenye njia ya waya. Nikamwambia waya unapenda ubaridi. Kaniamini. Jambo hilo limenisumbua mpaka chakula cha mchana.

Jumatatu, 11 Septemba

Joram karudi. Nikamwambia michungwa hiyo ni ya siku nyingi. Akagusa udongo, bado mbichi. Akasema kampuni yao haina fungu la fidia, akanisihi ning'oe mstari mmoja tu. Nikamjibu kiume: tathmini kwanza. Akasema sawa mzee. Ameingia mtegoni mwenyewe!

Jioni vigingi vyote vimehamia kwa Ryoba.

Jumapili, 17 Septemba

Ryoba ana faiba. Kaja mwenyewe, kamwamkia Mama shikamoo, kamshika mkono, kamvusha barabara. Mimi nikabaki nje ya ua wake, najifanya nasubiri bodaboda. Nikamsikia Mama akimwita mtoto kwa jina lake mwenyewe, akicheka, kisha akilia. Anasema masikio ni ya marehemu baba yetu. Mimi sijayaona.

Nimeona aibu, bila utani. Mama alitaka kitu kimoja, kikaja hadi shambani kwangu, nikakifukuza. Sasa kila akitaka kumwona mjukuu lazima asubiri mtu wa kumvusha, na siku zenyewe si nyingi.

Jumatano, 20 Septemba

Joram kaja tena. Kumbe Ryoba kamwomba avute waya hadi chumbani kwa Mama, bure. Ryoba! Inatakiwa nguzo moja tu, kesho asubuhi, kwenye kona ya zizi langu. Nilishukuru kwa moyo wote. Machozi yalinitoka mbele ya fundi.

Halafu nikaitazama ile kona. Tupu kabisa. Nikisimamisha kibanda kimoja tu, mabati mawili, yatosha. Nguzo nzima haiwezi kukosa fungu la fidia.

Mama kasikia nyundo, kauliza najenga nini. Nikamwambia mafundi wapate kivuli. Akanibariki, akasema kumbe mwanawe amejifunza.

Nimeongeza bati la tatu.