Bomba la Kifua Changu

Jumatatu, 4 Machi

Nimelazwa. Mimi! Fundi bomba mwenye miaka ishirini na sita kazini!

Wiki mbili kifua kilikuwa kinabana nikipanda ngazi tu, nikipumzika kinaachia. Nikasema gesi. Leo nimekaa zangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasubiri gundi ikauke kwenye bomba za bweni jipya la shule, kikanikamata kama jiriwa linavyobana chuma. Jasho. Mkono wa kushoto ganzi. Shemeji yangu Koleo, kaka yake mama watoto na mpinzani wangu katika kazi, akanileta hospitali akiwa amenikumbatia kama mtoto. Aibu gani hii!

Wamenibandika nyaya kifuani, wakachukua damu, wakanipa aspirini nitafune. Nikamwambia daktari kichwa hakiniumi. Akasema tafuna, baba.

Akauliza kama navuta sigara. Mama watoto akanijibia kwamba niliacha miaka mitatu iliyopita. Nikaitikia kwa kichwa, mnyenyekevu kabisa. Sigara zangu ziko stoo, ndani ya kipande cha bomba la inchi moja chenye kofia pande zote mbili. Hakuna binadamu anayejua.

Mpango: nitoke Alhamisi, kabla Koleo hajaunganisha tangi la bweni na kuchukua sifa zote.

Jumanne, 5 Machi

Daktari amenichorea moyo kwenye karatasi. Sijapata kuona kitu kama kile.

Anasema moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku. Laki moja! Bila fundi, bila grisi. Pampu niliyoifungia shule mwaka jana ilikufa baada ya miezi miwili.

Mishipa inayoulisha ni myembamba kuliko mrija wa soda. Ndani ya mmoja wa kwangu mafuta yamejijenga ukutani miaka na miaka. Presha imechangia, kurithi kumechangia, na sigara (hapo alinitazama sana). Sasa ganda la mafuta hayo limepasuka. Damu ikadhani ni kidonda, ikakimbia kuganda pale pale. Donge limeziba sehemu, ndiyo maana kifua kinabana hata nikiwa nimekaa. Likiziba lote, nyama ya moyo inakufa. Damu yangu wameipima mara mbili, inaonyesha nyama hiyo haijafa bado. Alilirudia hilo neno bado.

Kwa hiyo aspirini na mwenzake huzuia chembe za damu zisishikane. Sindano ya tumboni huzuia donge lisikue. Kidonge kingine huupunguzia moyo mbio usidai damu nyingi. Kingine cha kutuliza yale mafuta ukutani. Na kimoja kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, kinatanua mishipa.

Nimezibua mabomba ya mtaa mzima. Langu likaziba nikitazama. Mganga hajigangi.

Jumatano, 6 Machi

Nimefikiri kifundi. Bomba likiziba, unafanya nini? Unaongeza presha, uchafu unatoka. Mwanafunzi wa wiki moja anajua.

Saa sita mchana, manesi wakipokezana zamu, nikachomoka. Ngazi, ghorofa tatu, mbio. Nimsaidie daktari kidogo.

Ghorofa ya pili jiriwa likafunga. Nikakaa kwenye ngazi. Nikafikiri: watoto. Niliogopa, sitaficha.

Sista akanikuta, akaniwekea kile kidonge chini ya ulimi. Kadogo kuliko punje ya mchele! Nikahesabu pumzi. Dakika ya tatu nikasikia kifua kinafunguka, kweli kinafunguka, kama mtu ameachia valvu. Kichwa kikagonga kama nyundo, lakini nilikuwa hai. Nikalia mbele ya mfagiaji aliyekuwa akipita.

Daktari akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamweleza kanuni ya presha. Akauliza bomba kuukuu lenye ufa ukiliongezea presha linakuwaje. Nikasema linapasuka. Akaondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Koleo amekuja. Tangi ameshaunganisha, halivuji hata tone. Nikampongeza. Iliniuma kuliko sindano.

Kisha akaniambia, kwa furaha iliyopita kiasi, kwamba dawa ya chini ya ulimi imetengenezwa kwa kitu kile kile wanachopasulia miamba. Baruti! Nikalala chali saa nzima bila kukohoa.

Nikamwita sista. Akacheka mpaka akashika kitanda. Ni kweli, akasema, ila kiasi chenyewe ni chembe tu, hakiwezi kulipuka. Ni kweli! Kinachovunja mlima ndicho kinachofungua mshipa wa fundi bomba. Nimewasimulia wodi nzima. Sasa wagonjwa wananipisha njia ya msalani.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani! Dawa za aina nne, kila siku, hata nikijisikia mzima. Wiki ijayo napigwa picha ya mishipa. Nisibebe kitu. Kichupa cha baruti kisiniache hata hatua moja. Mama watoto ameandika yote kwenye daftari. Nimeapa mbele yake kwamba nimebadilika, na nilimaanisha.

Jumatatu, 11 Machi

Saa nne asubuhi mama watoto akaenda kwa jirani. Nikaenda stoo. Moja tu, ya kuaga.

Bomba langu lilikuwa chini kabisa ya rundo. Nikavuta, nikasukuma, nikabeba. Jiriwa! Nikapapasa mfuko: kichupa kimebaki kwenye shati la jana. Nikaona mwisho wangu, kati ya viungio na nati. Mikono ikafungua kofia yenyewe, kwa mazoea.

Hamna sigara. Ndani mlikuwa na kichupa kingine cha vidonge na karatasi, mwandiko wa mama watoto: Kaa chini kwanza.

Nikakaa. Kimoja chini ya ulimi. Dakika ya tatu, valvu ikaachia.

Amejua miaka mitatu yote. Alijua nitapita wapi kwanza nikitoka hospitali, akanitangulia kuniwekea uhai wangu pale. Nimekaa sakafuni nimeduwaa, mwanamke gani huyu! Amerudi, hakugomba, ameenda kutafuta gari la kunirudisha kwa daktari.

Naandika nikisubiri. Nimetafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona.

Kofia sikuipaka gundi.