Bei Sijui

Ubao ulikuwa umening'inizwa kwenye geti jeusi, maandishi ya chaki, herufi kubwa zilizonyooka: *Gari la spoti linauzwa. Limetembea kilomita elfu kumi na moja tu. Limeongezwa vitu vingi. Bei sijui.*

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomfanya Mizani akanyage breki na kuzima redio. Mtu anayeuza kitu bila kujua bei yake ni sawa na mtu aliyelala mlango wazi, tena akaacha taa inawaka ili mgeni asijikwae.

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka. Mji mzima ulimwita Mizani kwa sababu hapakuwa na kitu asichoweza kukikadiria thamani, kuanzia kiwanja hadi jino la dhahabu, na mara zote mizani hiyo ililalia upande mmoja. Ofisi hakuwa nayo. Ofisi yake ilikuwa gari dogo jeupe aliloliosha kila asubuhi kabla hajanawa uso. Akishuka humo na shati lililopigwa pasi, watu walimwita mtaalamu. Bila gari hilo angebaki mwanamume mwenye maneno mengi kando ya barabara, na wa namna hiyo wamejaa.

Mbele ya geti palikuwa na tuta refu la saruji. Alilivuka taratibu, akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa mama mnene, mkunga mstaafu, aliyekuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia miguuni, kama anayehakikisha ametoka mzima.

"Karibu, mwanangu. Umefuata gari au umepotea?"

"Nimefuata gari, mama. Mimi ni mthamini."

"Wa nini?"

"Wa chochote."

Gari lilikuwa uani chini ya turubai, la manjano, limeinama hata kuku asingeweza kupita chini yake. Mgongoni lilikuwa na bawa. Rimu zake nne ziling'aa kwa rangi ya dhahabu, na ekzosi yake ilikuwa pana kama bomba la maji taka. Moyo wa Mizani ulipiga hesabu kabla ya kichwa. Vikorokoro vile peke yake havikosi milioni sita.

"Lilikuwa la marehemu kaka yangu, daktari wa meno," mkunga akasema. "Alilishusha weee, mpaka likashindwa kupanda tuta la getini. Ndiyo maana limetembea kidogo. Kila Jumapili alikuwa anaingia ndani, analiwasha, linanguruma, analizima, anakuja kula."

Mizani alilizunguka gari mara mbili, akasonya kwa heshima, akatikisa kichwa kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Mama, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Nimestaafu kufurahishwa. Sema."

"Kinacholiua gari hili ni hivi vitu vya kuongezea. Mnunuzi mwenye akili akiona springi fupi na bawa, anajua lilikimbizwa na mtu asiye na mama wa kumkanya. Kilomita chache hatazijali tena, atasema zimerudishwa nyuma. Lilivyo hivi ni milioni nane, na hapo umempata mwenye huruma. Lirudi lilivyotoka kiwandani, bei utataja wewe."

"Kaka alivinunua hivyo vitu kwa milioni sita."

"Mungu amrehemu," Mizani akasema, na macho yakamlowa kweli, maana alikuwa fundi wa kazi yake. "Alidanganywa."

"Nilijua tu," mkunga akasema. "Basi vile vya kiwandani vipo stoo, kwenye maboksi. Kaka hakuwa mtu wa kutupa kitu. Hata meno ya watu aliyahifadhi."

Mizani akajishika kifuani ili furaha isimtoroke. Akaeleza kwamba ataleta fundi kwa gharama zake mwenyewe, fundi atafungua takataka zote na kufunga vya kiwandani, na mama hatatoa hata senti. Takataka ataziondoa yeye, uwanja usafike.

"Bure?"

"Thawabu, mama."

"Basi niandikie. Kazi yetu ilikuwa ya kuandika, mwanangu. Saa ngapi, kilo ngapi, nani alikuwepo. Andika kwamba vitu hivi umevikagua na havina thamani. Na uweke sahihi."

Mizani akaandika kwa mwandiko wake mzuri, na mkia wa sahihi akauvuta mpaka ukingoni mwa karatasi. Mkunga akakunja karatasi, akaitia kifuani.

Fundi aliyemtaka alikuwa na gereji mtaa wa pili, mtu wa makamo asiyetabasamu bila malipo ya awali. Alidai laki tisa kwa kazi yote, tena kabla ya kushika spana.

"Fundi, tunafahamiana. Jumamosi nauza vipuri, Jumamosi hiyo hiyo nakulipa."

"Bosi, ni kweli tunafahamiana. Ndiyo maana nazitaka kwanza."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Mizani aliweka rehani gari lake jeupe pamoja na kadi yake. Wakaandikiana: Jumamosi saa sita ikipita bila malipo, fundi ana ruhusa ya kuliuza, akate laki tisa zake, na baki amrudishie mwenyewe. Mizani alisaini bila kupepesa. Gari la milioni tatu kulilaza siku tatu kwa ajili ya milioni sita, hata mtoto wa chekechea angesaini.

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Fundi alisema kazi ni ya watu wawili, na kwa laki tisa amekuja mmoja. Ikabidi mthamini avue shati, alale chali chini ya gari, ashikilie ekzosi kwa miguu huku kutu ikimwangukia kinywani. Mkunga alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, amekunja mikono.

"Polepole, mwanangu. Usilazimishe. Kitatoka chenyewe kikiwa tayari."

"Mama, kimekwama."

"Wote husema hivyo. Pumua."

Ijumaa jioni gari lilisimama juu ya magurudumu yake ya kiwandani, limeinuka, limetulia, kama mtu aliyevua nguo za kuazima. Mizani hakulitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye rimu za dhahabu.

Jumamosi asubuhi alikodi mkokoteni, akapakia mali yake, akausukuma mwenyewe hadi duka kubwa la vipuri. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinua rimu moja, akaipima uzito kwa mkono, kisha akachukua ufunguo na kukwangua rangi ya dhahabu. Rangi ikatoka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na muhuri wa nyota uliogongwa kwenye chuma, nyota ya ncha tano, moja imevunjika.

"Aa," mzee akasema. "Nyota pungufu. Sijaiona siku nyingi. Miaka kumi iliyopita kuna mhuni mmoja alikuwa anagonga rimu za kawaida nyuma ya kiwanda cha kuchomelea, anazipaka dhahabu, anawauzia madaktari. Nakupa elfu arobaini, za chuma chakavu."

Mizani aliitazama ile ncha iliyovunjika. Aliikumbuka vizuri. Ilivunjika siku chuma cha kugongea muhuri kilipomponyoka kikaangukia sakafuni, na yeye akaona si neno, nani ataifuta rangi kuangalia.

Aliuacha mkokoteni palepale, akaenda kwa mkunga mbio. Geti lilikuwa wazi. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri. Gari halikuwepo.

"Limevuka tuta bila hata kugusa," mkunga akasema. "Mhandisi mmoja amelichukua saa mbili asubuhi, milioni kumi na saba. Alishakuja mara tatu, kila mara anakataa kwa sababu ya lile bawa. Akaniambia, mama, lirudishe kama lilivyotoka kiwandani, nalipa siku hiyo hiyo."

Mizani alishika ukuta. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumwambia mteja ukweli mtupu, neno kwa neno, na mara ya kwanza alipousema hakuutambua.

"Mama, vile vitu ni feki."

"Ndivyo ulivyoandika."

Akatoa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, akamwonyesha kwa mbali kidogo. Moja ilikuwa ile aliyoiandika yeye Jumatano. Nyingine ilikuwa stakabadhi ya miaka kumi iliyopita, imegeuka rangi: rimu, springi, ekzosi na bawa, vyote halisi vya mashindano, milioni sita. Sahihi zote mbili zilikuwa na mkia uliofika ukingoni.

"Niliikuta kwenye droo ya kaka. Nikaulizauliza, nikaambiwa mwenye mkia huo hupita hapa kila asubuhi na kigari cheupe, kiwiko nje. Nikanunua chaki." Akazirudisha karatasi kifuani. "Unakunywa chai, mwanangu, au una haraka?"

Alikuwa na haraka. Saa sita ilikuwa imeshapita.

Gari lake jeupe lilikuwa nje ya gereji, limeoshwa, na kwenye kioo cha mbele umeegemezwa ubao anaoufahamu, maneno mengi yamefutwa, machache yamebaki. *Gari linauzwa. Bei sijui.*

"Bibi amenipa ubao wake," fundi akasema akifuta mikono. "Ndiye mkunga aliyenipokea nilipozaliwa."

Lakini Mizani hakusikia. Yale maneno mawili yalikuwa yameshamwingia damuni. Hapa pana mtu hajui bei, na gari linaweza kurudi kwa pesa ya kuombaomba. Akalizunguka mara mbili. Akasonya. Akatikisa kichwa.

"Fundi, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Ukweli, bosi."

"Limechoka hili. Limetembea mno, mlango umepigwa rangi, injini inakohoa. Laki nane, na hapo umempata mwenye huruma."

Fundi akatafakari, midomo ikicheza kama anayehesabu, halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Akachomoa karatasi na kalamu kwenye mfuko wa ovaroli.

"Laki nane. Na mimi nakudai laki tisa. Basi gari ni langu, na imebaki laki moja, nitakungojea mpaka mwisho wa mwezi." Akatandika karatasi juu ya boneti jeupe. "Niandikie hayo, bosi. Na uweke sahihi."