Ngazi Zilizokatazwa Kuonekana

Halmashauri ya Mji inayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba tatizo la kuona limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Nasema haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Kuratibu Uonaji, na pia, kwa bahati ambayo sikuiomba, mkwe wa chanzo cha tatizo.

Chanzo ni mama mkwe wangu, mkunga mstaafu. Daktari alimwambia atembee kila asubuhi kwa ajili ya magoti. Hakumwambia atazame. Mama akatembea huku akitazama, simu mkononi, na kila kioja alichokutana nacho akakipiga picha na kukirusha kwenye kundi la mtaa. Kiatu kimoja cha kike juu ya nguzo ya umeme. Pipa la taka la Halmashauri lililopigwa kufuli lisije likachafuka. Kibao kisemacho "Usisome Tangazo Hili", chenye muhuri wa ofisi yangu. Gari la zimamoto lililopandishwa juu ya matofali, kuku akiatamia kwenye kiti cha dereva.

Watu walicheka. Kucheka si kosa, mradi kufuate utaratibu. Lakini siku moja Mama akazipiga picha ngazi.

Ngazi hizo ziko mkabala na duka la kinyozi. Ni za zege, zinapanda mpaka usawa wa paa la jirani, halafu zinaishia hewani. Kwa mujibu wa taarifa zetu, hapo pana Maktaba ya Mji, iliyokamilika na kuzinduliwa na Meya mwenyewe. Kwa mujibu wa picha, hapo pana ngazi. Chini yake Mama aliandika: "Na vitabu je, vimetangulia mbinguni?"

Kamati ikaketi. Tukaazimia kwamba hakuna mwananchi atakayeona kitu cha ajabu bila kibali. Mimi nikapewa jukumu la kulifikisha azimio jikoni kwa Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekakamaa hivyo, umekuja kuposa tena?"

"Nimekuja kikazi. Kuanzia leo, kabla hujaona kitu, unatakiwa kuomba kibali."

"Nitaombaje kibali cha kitu ambacho sijakiona?"

Nikamweleza kwamba swali hilo liko mezani.

"Likishuka mezani mniite," akasema, akavaa raba zake, akatoka.

Tukaweka mlinzi mbele ya ngazi ili zisionekane. Mama akampiga picha mlinzi anayelinda ngazi zisizokwenda popote. Tukamwekea mlinzi msimamizi. Akawapiga picha wote wawili, wamekumbatiana mabega, wanatabasamu. Tukatundika pazia la maua. Upepo ukalifunua, ikawa picha nzuri kuliko zote. Nyumbani mke wangu akaacha kunisemesha. Alisema hawezi kula meza moja na mtu anayemwandama mama yake kwa kosa la kuwa na macho.

Ndipo Meya alipoamua kumaliza ubishi kwa kupanda mwenyewe.

"Piga picha hatua zote," akaniagiza. "Wananchi waone maktaba yao inatumika."

Mtaa ukafurika. Meya alipanda vizuri sana. Kule juu akageuka, akakunjua mikono. "Ndugu wananchi, nimesimama ndani ya maktaba yenu!"

"Mheshimiwa," kinyozi akapaza sauti, "ukishuka tuletee kitabu hata kimoja!"

Meya akatazama chini kumtafuta msemaji. Hapo ndipo alipouona umbali. Akaketi. Akakishika kipandio kwa mikono yote miwili. Kamati inathibitisha kwamba hakuogopa. Aliamua kubaki juu kwa tathmini zaidi. Tathmini ikaendelea mpaka adhuhuri. Tuliita gari la zimamoto, tukajibiwa kwamba kuku bado hajaangua.

Mama akampa kinyozi mkoba wake, akapanda na magoti yake yaleyale.

"Mwanangu, geuka. Tanguliza miguu."

"Mama, protokali hairuhusu..."

"Nimewapokea wengi waliokuja kwa miguu, wote wazima. Usisukume. Pumua. Haya, mguu huu... na mwenzake..."

Meya akashuka kinyumenyume, anatambaa, makalio mbele ya umma, Mama kamshika visigino. Alipogusa ardhi, wanawake wakapiga vigelegele. Mama akampangusa vumbi usoni, akamkagua. "Huyu mzima," akatangaza.

Mimi nilikuwa nimeagizwa kupiga hatua zote. Nilipiga zote. Jioni picha zilikuwa kwenye kila simu, zimegongwa muhuri wa Kamati.

Meya akaamuru ngazi zifichwe zisionekane kutoka upande wowote. Kuzivunja haikuwezekana, kwa kuwa kwenye taarifa ni maktaba, na maktaba haivunjwi. Tukajenga kuta. Mama akapiga picha ya nyumba isiyo na paa. Tukaezeka. Akapiga ya nyumba isiyo na dirisha. Tukatoboa madirisha, watu wakachungulia, wakaona ngazi zimeishia hewani mle ndani. Ikabidi tuzijengee ghorofa ya kufikia. Ghorofa ilikuwa tupu, na Mama alikuwa na simu. Tukaingiza makabati. Nilipowaonyesha wajumbe picha ya makabati matupu, hawakubishana hata kidogo. Walikuwa wamechoka. Tukaagiza vitabu.

Nafurahi kuripoti kwamba zoezi la kuficha limefanikiwa kwa kiwango cha juu. Ngazi hazionekani tena, maana kila siku zimejaa watu waliokosa viti. Mke wangu ameanza kunisemesha, ingawa kwa sentensi fupi.

Juzi Meya alikuja kukagua. Aliingia kwa kishindo, wapambe nyuma, akasimama katikati ya ukumbi, akakohoa, akakunjua mikono.

"Ndugu wananchi..."

"Shhh," akasema Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu. "Watu wanasoma."

Wapambe wakasubiri Mheshimiwa ajibu. Mheshimiwa akatazama huku na huku. Akakunja mikono, akainama, akavua viatu, akanyata navyo mkononi mpaka nje.