Nguruwe Apata Ngozi Mpya

Siku Wagih Talkhan alipolipata lile gari, alichokiona kwanza ni paka. Paka watano walikuwa wamelala juu ya turubai nyuma ya nyumba za wafanyakazi, Shubra al-Kheima, wawili chini kidogo na watatu juu kidogo, na jicho la dalali likajua papo hapo kwamba wale wawili wako kwenye boneti na wale watatu kwenye paa. Wagih alikuwa amekuja mtaani kumuuzia mjane mmoja mashine ya kufulia isiyofua. Mjane akasahauliwa, na nafikiri mpaka leo hajui bahati aliyoipata.

Akafunua ncha ya turubai. Benzi. Tena ile ya umbo ambalo Kairo nzima inaliita Nguruwe, kwa sababu ya upana wa makalio yake. Katika jiji la minara elfu, sijapata kumsikia muumini hata mmoja aliyekataa kumpanda mnyama huyo.

"Salaam aleikum, ami. Hili la nani?"

"La paka," alijibu mzee aliyekaa juu ya kreti la soda, bila kuinua macho kutoka kwenye glasi yake ya chai.

"Na kwenye karatasi?"

"Kwenye karatasi, langu. Bayumi Abdel-Maqsud. Unataka kununua?"

Neno hilo lilimchoma Wagih kama sindano. Kununua! Alikuwa na miaka arobaini na minne, amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, na hakuna hata kimoja katika hivyo alichowahi kukinunua.

Sasa, gari la namna ile liliingiaje kwenye jina la dereva mstaafu kama Bayumi? Magazeti hayakumbuki, lakini mtaa unakumbuka. Mwaka themanini na saba mkurugenzi wa kiwanda cha nyuzi cha serikali aliwaambia wafanyakazi kwamba hakuna fedha za barakoa za kuzuia vumbi la pamba. Mwezi uleule alinunua Benzi. Kwa kuwaogopa wakaguzi, akaliandikisha kwa jina la dereva wake, kisha akamtilisha dereva sahihi ya uwakala, yaani karatasi ya kumruhusu mkurugenzi kulitumia na kuliuza apendavyo. Baadaye kiwanda nacho kikauzwa, kwa bei ambayo leo hupati hata lango lake. Wafanyakazi wakapewa cheti cha shukrani chenye fremu. Mkurugenzi akafia Uswisi, akitibiwa mapafu. Maskini! Na pamba haikuwahi kuyagusa. Uwakala hufa na aliyepewa, kwa hiyo karatasi yake ikazikwa naye. Na watoto wake, waliokuwa wakigombea jumba na mashamba, hawakuwa na haja na gari lisilotembea.

Bayumi akabaki nalo. Hakuwa na malipo ya uzeeni yanayofika katikati ya mwezi, hakuwa na uwezo wa kununua hata mkanda wa feni, lakini kila Ijumaa aliwafukuza paka, akaliosha, akawarudisha.

"Likitembea litanilisha," alimwambia Wagih. "Shida ni hiyo moja tu. Kutembea."

"Ami yangu," Wagih alisema, akachuchumaa bila kugusisha suruali chini, ufundi wa miaka mingi. "Nikilinunua leo nitakupa bei ya vyuma chakavu, halafu nitalalaje? Bora mimi nilitengeneze kwa gharama zangu, kidogo kidogo, mpaka liwe bibi harusi. Tuliuze kwa matajiri. Nusu yako, nusu yangu. Wewe unipe uwakala tu."

"Gharama zako?"

"Zangu. Wallahi."

Bayumi akamwaga masalio ya chai. "Haya. Kesho."

Kwa msajili wa hati, karani aliuliza bila kuwatazama: "Uwakala wa kawaida, au ule usiofutika? Usiofutika lazima tuandike bei, na mzee akiri kwamba amelipwa."

Wagih alicheka kwa uchungu, kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Bei? Kati ya mtu na ami yake? Andika wa kawaida, ndugu yangu." Akaandika na anwani yake kwenye fomu, wapi hasa, mwenyewe hakujali, maana mtu wa kazi yake hawezi kuwa na anwani. Bayumi akatia sahihi taratibu, kwa herufi za mtu aliyesomeshwa jioni na chama cha wafanyakazi, kisha akaomba nakala.

"Ya nini, ami?"

"Nikaitundike ukutani. Sijawahi kuwa na wakala."

Na sasa, wapenda maendeleo, tazameni uwekezaji unavyofanywa. Wagih alilivuta gari hadi mji wa mafundi wa Harafiyin, kwenye gereji ya Fundi Girgis, kisha akaenda kumtafuta mtu mwenye fedha nyingi na haya kidogo. Hakutembea sana. Haji Atwa alikuwa mjenzi wa maghorofa, bingwa wa kupata kibali cha orofa mbili na kujenga saba. Mawili kati ya majengo yake yalikuwa yamekwisha kulala chini, na watu ndani. Yeye alikwenda hija, akarudi msafi.

"La binti mfalme wa Ghuba," Wagih alimnong'oneza. "Alilitumia kwenda kwa msusi tu."

Haji alichungulia dashibodi. "Limetembea kilomita laki nne."

"Haji, nywele za kifalme!"

Haji alitaka kucheka, lakini Wagih alikuwa amekwisha kutaja bei, robo ya bei ya soko, na mtu akitajiwa bei kama hiyo hana nafasi ya kucheka. Sharti lilikuwa moja. Haji alipie injini na gia boksi, hiyo ndiyo arubuni yake. Likikamilika, amalizie ile robo na aondoke nalo. Na asimwambie mtu, husuda mbaya. Risiti? Haji mwenyewe alikunja uso. Katika biashara zake zote hakuwahi kupenda karatasi.

Wiki iliyofuata, kwa bei ileile na kiapo kilekile, gari liliuzwa tena, kwa Brigedia mstaafu Mursi Qandil, ambaye aliiacha jeshini sare peke yake na kuondoka na mengine yote. Huyu alikuwa na ugonjwa wa wanunuzi wote wa Kairo: rangi. Mtu wa Kairo atakusamehe injini iliyokufa, lakini akisikia mlango umewahi kupigwa rangi nje ya kiwanda analia kama amefiwa. Brigedia alikuja na sumaku iliyofungwa kitambaa, akalizunguka gari akilibandika kila kiungo, kama daktari wa jeshi anayepima makuruti.

"Hapa! Haishiki! Hapa pana plasta!"

"Afande, ni mlango mmoja tu. Ulikwaruzwa na ngamia."

"Ngamia gani?"

"Wa familia, Afande. Ngamia wa kifalme."

Brigedia aliitafakari nasaba ya ngamia, akaridhika. Akalipia kunyoosha bodi, rangi nyeusi tabaka sita, na viti vya ngozi rangi ya damu ya mzee, kwa sababu ndiyo rangi ya viti vya wakubwa wake aliowapigia saluti miaka thelathini.

Miezi ikaenda, Nguruwe akanenepa. Na kila asubuhi Ami Bayumi alipanda mabasi mawili kutoka Shubra, akafika gereji na sandwichi yake ya maharage, akakaa.

"Springi ya nyuma kulia imelala," alisema siku moja.

"Mnunuzi hatajua, ami," alisema Wagih.

"Gari litajua. Mkurugenzi alikaa upande huo miaka kumi, na alikuwa mzito wa mambo mengi."

Fundi Girgis akainama, akapima, akasema mzee kasema kweli. Springi zikabadilishwa, Haji akalipa. Wiki nyingine ikawa ubao wa dashibodi, lazima uwe wa mti wa mjozi, si wa plastiki iliyochorwa mjozi. Brigedia akalipa. Haji alikuja Jumamosi kulitazama gari lake, akamwachia mzee noti, akidhani ni mlinzi. Brigedia alikuja Jumanne kulitazama gari lake, naye akamwachia noti. Bayumi alizipokea zote kwa heshima, akawaomba namba za simu, ili awaarifu likiwa tayari. Hakuna aliyeuliza mzee huyu ni nani hasa. Wakubwa wa nchi yetu hawaulizi mlinzi jina lake. Ndiyo maana wanaibiwa kwa adabu.

Kisha likatokea jambo ambalo katika ulaghai ni sawa na daktari kuambukizwa. Wagih akalipenda gari. Alianza kwa kulifuta vumbi kwa leso yake. Halafu akaona aibu ya bampa zilizochunika, na wawekezaji wake wote wawili walikuwa wameanza kuuliza maswali. Akauza bangili za mkewe kwa ajili ya kromu, akamwambia mkewe zimeibwa, na akamlaani mwizi kwa maneno mazito ambayo, kama yangesikika mbinguni, yangempata palepale.

"Unatoa zako?" Girgis alishangaa.

"Nimewekeza," alisema Wagih, akageuka upande asionekane macho.

Mwezi wa nane gari lilinguruma kwa sauti ya chini, ya kushiba. Wagih akapata mnunuzi wa kweli, mkusanyaji wa magari ya kale kutoka Heliopolis, aliye tayari na bei kamili. Mpango ulikuwa mwepesi: Jumatatu asubuhi kwa msajili, saa sita garimoshi la Iskandaria. Haji na Brigedia waliambiwa bado wiki tatu. Bayumi, ambaye kila asubuhi alikuwa palepale gereji simu zikipigwa, aliambiwa bado mwezi. Kuhusu nusu yake hakuambiwa kitu.

Jumatatu hiyo Wagih aliliegesha gari mbele ya ofisi ya msajili, akapuliza pumzi kwenye kioo cha pembeni, akakisugua, akaingia ndani na mnunuzi wake kama waziri anayefungua daraja. Karani, yuleyule, akaichukua karatasi. Akafungua daftari. Akafungua daftari jingine.

"Uwakala huu umefutwa."

"Umefanywaje?"

"Umefutwa. Siku kumi na mbili zilizopita."

"Na nani?"

"Na mwenye gari. Kwani mwingine nani anaweza?"

"Mbona sikuarifiwa? Sheria inasema niarifiwe!" Wagih Talkhan alikumbuka sheria kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Karani akasoma bila huruma. "Tarishi wa mahakama alipeleka taarifa kwenye anwani uliyoiandika kwa mkono wako. Duka la kuku, Imbaba. Mwenye kuku akapokea, akatia sahihi. Anayefuata!"

Mkusanyaji wa Heliopolis alishika mkoba wake wa fedha kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga. Wagih akatoka mbio.

Ami Bayumi alikuwa amekaa nyuma ya usukani. Alivaa suti ya bluu iliyopigwa pasi, na mbele, kwenye boneti, alikuwa amefunga utepe mweupe na maua.

"Ami! Umeingiaje?"

"Kwa ufunguo. Mwenye gari huwa nao."

"Shuka! Unaniibia mchana kweupe!"

"Nimekuibia nini, mwanangu? Nionyeshe karatasi."

"Injini!"

"Alilipa Haji."

"Ngozi! Rangi!"

"Alilipa Afande. Mungu awaongezee."

"Na kromu? Kromu ni bangili za mke wangu!"

Bayumi alitoa kichwa dirishani, akaitazama bampa inavyometameta. "Kazi nzuri," alisema. "Mpe salamu zangu. Mwambie mwizi amejulikana."

"Tulikubaliana nusu kwa nusu!"

"Tukiuza. Mimi siuzi. Nina harusi alasiri, Abbasiya, na nyingine Alhamisi. Miaka ishirini na tano tangu wanitoe kiwandani na kile cheti, leo ndiyo kwanza naitwa kazini." Akawasha injini. Haikutetemeka hata kidogo.

Hapo ndipo teksi mbili zilisimama kila moja upande wake wa barabara. Kutoka ya kwanza akashuka Haji Atwa. Kutoka ya pili, Brigedia Mursi Qandil. Mzee alikuwa amewaarifu, kama alivyowaahidi. Walifika kwenye gari kwa pamoja, kila mmoja akaweka kiganja juu ya paa.

"Toa mkono wako kwenye gari langu," alisema Brigedia.

"Lako? Hiyo injini inayonguruma ni jasho langu!"

"Jasho? Wewe? Hivyo viti nimevilipia mimi!"

Wakatazamana. Ilichukua muda, maana vichwa vyote viwili vilikuwa vimezoea kupunja, si kupunjwa.

"Mnazo risiti, waheshimiwa?" aliuliza Bayumi kwa upole.

Watu waliokula viwanja vya jiji, posho za makuruti na saruji ya majengo ya wenzao bila kuacha kipande cha karatasi, sasa walijipapasa mifukoni wakitafuta risiti. Hawakupata. Kisha, polepole, nyuso zote mbili zikageuka kumtazama yule mtu wa suti ya kijivu. Brigedia akaanza kufungua mkanda wa suruali, na haikuwa kwa sababu ya joto. Haji akaokota tofali. Hilo alilijua uzito wake.

Wagih hakusubiri hotuba. Alifungua mlango wa nyuma, akajitupa juu ya ngozi nyekundu, akaufunga na kubana kitasa kwa mikono miwili.

"Endesha, ami! Nakuomba, endesha! Wataniua!"

Bayumi alirekebisha kioo cha ndani taratibu, mpaka akamwona vizuri.

"Una bibi harusi?"

"Bibi harusi gani! Sina!"

"Basi shuka," alisema mzee. "Unakunja ngozi."