Pua ya Kaisari

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimebarikiwa! Koti la mtumba nililonunua gulioni Nyandira lina sarafu ya fedha ndani ya bitana. Kichwa cha mwanamume, kavaa majani, herufi zimemzunguka kama siafu. Mwalimu Witness kasema ni ya Warumi wa kale, na huyo ni Kaisari. Mimi nimeona kingine. Pua. Pua yangu kabisa!

Mjomba tumemzika mwezi jana, kigoda chake cha ukuu wa ukoo kiko wazi. Fransisko, mtoto wa mama mkubwa, anakimezea mate. Ana lori la kabichi. Pua hana.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Padri kanipaka majivu mimi, mimi nimeipaka sarafu udongo. Nimetangaza nimeichimbua kwenye tuta la karoti: babu yetu mtawala, sura kaniachia mimi. Mzee Yakobo, mkubwa wangu kwa umri, kanipa shikamoo! Nimeipokea. Fransisko kauliza babu gani wa Mgeta alikaa shingo wazi na baridi hii. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi
Kikao cha ukoo. Nikasimama ubavu, sarafu shavuni, walinganishe. Wakakubali! Ndipo mama mdogo Rosa, ambaye akikohoa ukoo mzima unanyamaza, akaniuliza: mwanangu, pua hiyo si ya marehemu baba yako? Ukoo wetu unafuata mama, kasema. Babu wa pua ni wa kwa baba yako Mkuyuni, nenda ukadai kigoda huko. Vicheko! Fransisko kacheka hadi katokwa na machozi.

Sikutetereka. Nikaigeuza sarafu. Nyuma mwanamke kaketi, mkono huu fimbo, mkono ule tawi. Nikasema huyu ndiye bibi yetu, na mpini wa jembe na mche wake! Nimeshinda!

Mama mdogo kaisogeza machoni. Kauliza mwanamume kapewa nini. Kichwa, nikajibu. Na mwanamke? Kiti. Basi, kasema, bibi kaamua mwenyewe.

Kigoda kapewa dada yangu Joyce.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa Joyce kaniuliza kama nina kinyongo. Cha nini? Kosa lilikuwa kuigeuza. Sasa nimeigandisha kwenye kibao kwa gundi, mwanamke chini. Kesho nashuka Mkuyuni kwa kina baba, mzee wao mwenye kigoda hali yake si nzuri. Joyce kanikumbusha kwamba huko nako ukoo unafuata mama. Wanawake bwana! Hajaiona pua nilivyoing'arisha.