Kamati Ndogo ya Kufungwa na Waziri

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti chenye mkwaruzo, kwamba kambi ya timu ya taifa ya soka ya wanawake ingesitisha shughuli zote zisizo za lazima, yaani kukimbia, kupiga pasi na kufunga mabao, ili kupisha zoezi moja lenye maslahi mapana kwa taifa: kufungwa na Waziri.

Waziri angefika alasiri kupiga penalti ya ufunguzi mbele ya kamera. Jukumu la kuhakikisha anafunga bao lilikabidhiwa kwa Mkurugenzi wa Itifaki, mtu ambaye hajawahi kugusa mpira ila kwa bahati mbaya. Hakulifanyia mzaha. Mtangulizi wake alimpa Waziri mkasi butu siku ya kukata utepe, na sasa anasimamia ghala la viti vibovu, huko kusikofika mtu.

Tatizo lilikuwa kipa. Wenzake walimwita Sumaku, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

"Dada," Mkurugenzi alianza, mikono nyuma, "leo utatekeleza mkakati wa kutodaka."

"Kutodaka nini?"

"Mpira."

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Siku za kawaida. Leo, mpira ukienda kushoto, wewe nenda kulia. Kwa uso wa masikitiko."

Kamati Ndogo ya Kufungwa, yenye wajumbe watano na wenyeviti wawili, ikajipanga kumpima. Mjumbe wa kwanza akapiga. Sumaku akadaka, akaomba radhi. Wa pili akapiga. Akadaka, akaomba radhi tena. Wakamfunga kitambaa machoni, akadaka kwa kusikia. Wakamwamuru atie mikono mfukoni. Bukta haikuwa na mifuko, jambo lililozua mjadala mrefu kuhusu sera ya mavazi.

"Mikono inakwenda yenyewe, Mkurugenzi."

"Basi izuie! Ukidaka leo, jezi unavua, unarudi kwenu. Makipa wamejaa tele."

Jezi ile Sumaku aliitamani tangu anacheza peku, na mashindano yalikuwa wiki inayofuata. Mwalimu wa timu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akaing'ata filimbi yake na kutazama pembeni. Kufika adhuhuri msichana alikuwa anaruka upande usiofaa kwa ustadi mkubwa, na Kamati ikampigia makofi.

Waziri akaja na suti yake na viatu vya kung'aa. Akarudi nyuma, akatimua mbio, akapiga. Mpira ukajikokota kama mgonjwa anayekwenda msalani. Sumaku akaruka kulia, akalala chini, akasikitika, akamaliza kusikitika, mpira bado uko njiani. Hatimaye ukaingia. Mkurugenzi akashusha pumzi.

Lakini Waziri alikuwa amekunja uso. Hakuwa mjinga, Mheshimiwa. Alikuwa tu amezungukwa vizuri.

"Kipa gani huyu anafungwa na mimi?" akauliza. "Huko tuendako si tutaumbuka? Mtoeni!"

"Atolewe mara moja," Mkurugenzi akaafiki. "Hata mimi nilikuwa na wasiwasi naye."

Sumaku akainuka, majani yamemganda nywelani, machozi yanamlengalenga. "Shikamoo, Mheshimiwa. Tangu asubuhi nafundishwa kuukwepa mpira wako. Naomba upige tena. Safari hii nitadaka."

Wapiga picha wakasogea. Waziri angekataaje? Akapiga, ukadakwa. Akavua koti, akapiga, ukadakwa. Akapiga kwa hasira hadi kiatu kikachomoka. Sumaku akadaka mpira kwa mkono mmoja na kiatu kwa mwingine, kisha akakirudisha kiatu kwa adabu zote.

"Siondoki hapa bila bao," Waziri akahema. "Mkurugenzi! Ingia wewe, mtaalamu wa kufungwa."

Mkurugenzi akaingia golini amejaa furaha. Akaruka kulia kwa mujibu wa mwongozo. Waziri akakosea, mpira ukaja kulia, ukamgonga tumboni. Akaruka kushoto, ukamgonga kisogoni. Akajikunyata chini kabisa, ukaja ukatulia mapajani mwake. Wasichana wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Na wewe pia?" Waziri akauliza, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa.

"Naapa, Mheshimiwa, najitahidi kufungwa!"

Waziri akatoa tamko papo hapo: Sumaku abaki langoni, na Mkurugenzi abaki kambini, alale huko huko, mpaka ajue kufungwa na Serikali. Kisha akaelekea garini. Filimbi ya Mwalimu ikalia.

"Wapi, Mheshimiwa? Kwa mguu wako huo, Mkurugenzi atafungwa na nani? Nawe unabaki mazoezini."

Waziri akazitazama kamera. Zote zilikuwa zinarekodi. Akainama, akavua viatu.

"Raundi ya kwanza ya uwanja, mbio za polepole," Mwalimu akasema. "Sumaku, watangulie. Na atakayetembea, anaanza upya."